Ni Nani Aliyemwonyesha Mreno Njia?

Leo sisemi paukwa, nanyi msinijibu pakawa. Anayesema paukwa amewaonya mapema kwamba sungura atanena na fisi atatafuta mchumba, kwa hiyo hakuna anayedanganywa. Mimi humwona msimulizi wa ngano kuwa mwaminifu kuliko watu wengi wanaoapa kwa Mungu wao. Tabu huanza pale mtu anaposimulia bila paukwa. Habari ya leo ni ya watu waliokuwapo kweli, na kazi yenu, wajukuu zangu, ni kunishika shati kila ninapotaja jambo na kuniuliza: hilo umelipata wapi?

Kutoka hapa Kakuyuni hadi Malindi mjini si mbali. Unapanda matatu, unapita Ganda, unaingia mjini, unateremka hadi ufuoni, na pale penye rasi kuna nguzo nyeupe yenye msalaba juu. Wengine wenu mmeshapelekwa na walimu, mkapiga picha, mkala maandazi mkarudi. Mliambiwa ni nguzo ya Vasco da Gama, Mreno aliyefika Malindi mwezi wa Aprili 1498 akitafuta njia ya bahari ya kwendea India. Ukikaa pale kidogo, hakosi mtu wa kukuongezea kwamba aliyemwonyesha njia hiyo ni Ahmad ibn Majid, baharia mkuu wa Waarabu. Mwingine atanogesha: Mreno alimlewesha kwanza. Jina hilo limo hata katika vitabu vizuri vyenye jalada gumu.

Sasa nishikeni shati.

Jiwe lenyewe halitusaidii sana. Linathibitisha kwamba Wareno walifika na kwamba walitaka tusisahau. Rubani halimtaji. Itabidi tutafute walioandika, na tuanze na aliyekuwapo.

Katika merikebu za da Gama mlikuwa na mtu aliyeandika safari siku baada ya siku. Jina lake hakulitia. Wengi humdhania baharia mmoja aitwaye Álvaro Velho, lakini daftari halisemi hivyo. Nakala yake ilikaa karne tatu na zaidi bila kupigwa chapa, hata ilipochapwa Ureno mwaka 1838. Anasimulia hivi. Mombasa Wareno waliingiwa na shaka kwamba wanategwa, wakang'oa nanga. Wakiwa njiani wakakamata chombo kidogo, na mzee mmoja waliyemkuta ndani akawaambia kwamba Malindi wangepata marubani. Wakafika mbele ya mji jioni ya tarehe 14 Aprili, na kesho yake ilikuwa Pasaka. Mfalme wa Malindi akawapokea kwa tarumbeta na zawadi, akaahidi kutoa rubani. Siku zikapita kwa shangwe, rubani haonekani. Jumapili ya tarehe 22 msiri wa mfalme akapanda merikebuni. Da Gama akamzuia asishuke, akapeleka neno pwani: niletee rubani uliyeniahidi. Rubani akaletwa, msiri akaachiwa. Jumanne ya tarehe 24 wakatweka.

Ona jinsi daftari lilivyo na tarehe na majina ya siku. Ona pia kwamba limetaja jambo la aibu. Mwandishi angeweza kutuficha kwamba mkubwa wake alimshika mgeni wa watu mateka, baada ya kula na kunywa vya wenyeji siku zote zile. Hakuficha. Mtu akitaja jambo linalompunguzia heshima mtu wa upande wake, mimi humsikiliza kwa makini, kwa sababu sioni atapata faida gani kwa kulizua.

Na rubani alikuwa nani? Mwandishi anasema Mkristo. Anasema walimfurahia sana. Jina hakuna.

Najua mnataka kusema tumemaliza, maana shahidi alikuwapo na ameona kwa macho yake. Ngojeni kwanza tumfuate shahidi huyu hadi India.

Walipofika Calicut, Wareno walipelekwa katika jengo kubwa la ibada. Mwandishi wetu akaliita kanisa. Ndani aliona picha ukutani, akaziita za watakatifu. Kisha, kwa kuwa alikuwa mkweli, akaeleza alichokiona: watakatifu hao walikuwa na meno yaliyotokeza nje ya kinywa, na mikono minne au mitano kila mmoja. Mtakatifu wa mikono mitano! Lilikuwa hekalu la Wahindu, na picha zile zilikuwa za miungu yao. Lakini Wareno walitoka kwao wakiwa wameambiwa kwamba India kuna Wakristo, na mtu aliyekwisha kuamini atakachokiona hukiona hata kisipokuwapo. Hata hapa Malindi, mabaharia wa India waliokuwa bandarini waliinua mikono na kupaza sauti, naye akaandika kwamba walimwita Kristo. Wengi leo hudhani walikuwa wakimwita Krishna.

Kwa hiyo shahidi anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akakosea. Macho yake tunaweza kuyaamini: kuta, meno, mikono mitano. Maana aliyoitia katika alichokiona ndiyo ya kupimwa upya. Basi anaposema rubani wa Malindi alikuwa Mkristo, tunabaki na nini? Tunabaki na mtu aliyemwona Mkristo kila mahali.

Twende kwa wengine. Fernão Lopes de Castanheda alianza kuchapisha historia yake mwaka 1551. Hakuwapo mwaka 1498, lakini aliishi India miaka mingi akiulizauliza. Yeye anasema rubani alikuwa mtu wa Gujarat aitwaye Canaqua. João de Barros, ambaye kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1552, hakuwahi kukanyaga India, ila kazi yake serikalini mjini Lisbon ilimfikisha kwenye nyaraka. Yeye naye anasema ni mtu wa Gujarat, Mwislamu, na anamwita Malemo Caná. Anaongeza kisa ninachokipenda. Da Gama alimtolea rubani astrolabu yake, chombo cha kupimia kimo cha jua angani, akitaka kumshangaza. Rubani hakushangaa. Akasema vyombo vya namna hiyo marubani wa Bahari ya Shamu wanavyo.

Barros anagongana na daftari katika dini, ila yeye na Castanheda wanapatana katika Gujarat. Je, kupatana kwao ni ushahidi wa watu wawili? Inategemea. Kama kila mmoja aliuliza kivyake, ndiyo. Kama mmoja alimsoma mwenzake, au wote walisoma karatasi moja, basi tuna shahidi mmoja tu. Hilo likumbukeni siku mtakapoambiwa kwamba jambo ni kweli kwa kuwa limesemwa na watu mia. Ulizeni wale mia walilitoa kwa nani. Na hilo Malemo ni cheo tu, ni maalimu yule yule wa chomboni anayejua nyota na njia. Jina la mama na baba la rubani wetu bado hatuna kwa uhakika.

Sasa Ibn Majid anatokea wapi?

Anatokea Makka. Huko aliishi mwanachuoni aitwaye Qutb al-Din al-Nahrawali, aliyezaliwa mwaka 1511. Fanyeni hesabu: merikebu zilipotweka hapa Malindi, mtu huyu alikuwa bado miaka 13 kuzaliwa. Katika miaka ya 1570 aliandika historia ya jinsi Waosmani walivyoiteka Yemen, na humo akaeleza jinsi Wafaranji, yaani Wareno, walivyofika Bahari ya Hindi. Akasema walihangaika wasipate njia, mpaka baharia mmoja hodari, Ahmad ibn Majid, alipokunywa na mkubwa wao, akalewa, na katika ulevi wake akamwonyesha. Tukio lilikuwa limepita zaidi ya miaka 70. Al-Nahrawali alikuwa mwanachuoni wa kuheshimika, simkejeli. Lakini kisa cha mtu kulewa akatoa siri ni cha kusimuliwa mangweni mnazi ukiwa umekolea, na hutamkika vizuri mno. Wareno wote waliokuwa karibu na tukio hilo kuliko yeye hawamtaji Ibn Majid hata mara moja.

Habari hiyo ingeweza kubaki Makka. Lakini katika miaka ya 1920 mtaalamu Mfaransa, Gabriel Ferrand, aliyefanya kazi kubwa ya kuyafufua maandishi ya Ibn Majid, aliyaunganisha mambo mawili. Huku kuna rubani wa Malindi asiye na jina la uhakika, kule kuna jina kubwa lisilo na bandari. Akasema ni mtu mmoja. Ni kama mtu aliyeokota kiatu Malindi na kingine Makka akatangaza kwamba amepata jozi. Kwa kuwa aliyesema ni bingwa, wengine wakamfuata, vitabu vya shule vikafuata vitabu vya mabingwa, na waelekezi wa wageni wakafuata vitabu vya shule. Hakuna katika hao aliyekusudia kudanganya. Kila mmoja alimwamini aliyemtangulia akaacha kuuliza.

Walikuja wengine waliouliza. Mwaka 1971 Mwingereza G. R. Tibbetts, aliyetafsiri kitabu kikubwa cha Ibn Majid cha elimu ya bahari, aliupima ushahidi akaona hautoshi. Ibn Majid alikuwa mtu wa Julfar, upande wa Ras al-Khaimah ya leo, na kufikia 1498 alikuwa mzee mwenye jina lililoenea bahari nzima. Alikuwa pia mtu asiyeona haya kujisifu, na mashairi yake yamejaa ubingwa wake. Wala hakuna mahali anaposema kwamba alimwongoza Mreno. Hoja hiyo ni nzuri, ila msiimeze nzima nzima: mtu hunyamazia aibu yake pia.

Halafu akatokea mtetezi mwenye cheo. Mtawala wa Sharjah, Sultan bin Muhammad Al Qasimi, aliandika kitabu kizima cha kumwondolea Ibn Majid lawama hiyo. Mimi nadhani yuko sawa. Lakini naye tumshike kanzu kwa adabu, maana ni jirani wa Ras al-Khaimah, na watawala wa huko ni jamaa zake. Mtu anayetetea jina la kwao ana sababu ya kutaka jibu fulani. Sababu hiyo haimfanyi mwongo, inatufanya tuusome ushahidi wake mara mbili. Na sisi je? Hapa pwani wapo wanaopenda Ibn Majid abaki katika kisa kwa sababu jina kubwa linakuza mji. Kuna na wanaompenda humo kwa sababu wanataka msaliti wa kulaumu kwa yote yaliyofuata. Akipenda, chongo huita kengeza.

Kwa hiyo mimi nawaambia nini? Nawaambia rubani aliondokea Malindi, na yaelekea alikuwa mtu wa Gujarat. Dini yake sina hakika nayo, na jina lake la kuzaliwa halimo katika maandishi kwa uhakika. Jibu hilo haliandikiki vizuri kwenye fulana za kuuzia watalii, lakini ndilo ushahidi unaloweza kulibeba.

Mtasema, babu, hayo ya miaka mia tano yanatuhusu nini sisi wa Kakuyuni, ambao shida zetu ni mahindi na karo? Yanatuhusu, maana maswali ni yale yale na hapa kwetu kuna watu waliokufa kwa kukosa mtu wa kuyauliza.

Mnajua mtu akizeeka katika Kaunti hii ya Kilifi huanza kuziogopa mvi za kichwa chake mwenyewe. Mtoto akiugua, au mwana wa fulani akipata ajali ya bodaboda, huanza mnong'ono kwamba aliyemroga ni yule mzee mwenye mvi. Wazee wameuawa kwa minong'ono ya namna hiyo, wengine wamekimbia miji yao wenyewe. Kule Ganze pana kimbilio la wazee kama hao, Kaya Godoma, ambako watu waliozaa na kulea wanaishi mbali na wajukuu wao. Utamsikia mtu mzima akisema, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hiyo mimi siipendi hata kidogo. Yasemwayo mengi hayapo, na yakija, huja kwa sababu yalisemwa hadi mtu akashika panga.

Ulizeni kama tulivyomuuliza al-Nahrawali. Nani aliona? Aliona nini hasa: mzee akipita njiani, au maana aliyoitia yeye katika mzee kupita njiani? Aliyeanza kusema ni nani, na wale kumi wengine waliongeza nini? Halafu swali la mwisho, ambalo polisi na watetezi wa haki za binadamu hulirudia kila mara: shamba la mzee huyo linamwendea nani akiondoka?

Kuna na msitu wa Shakahola. Ni upande wetu huu huu, na wengine wenu mlikuwa wadogo lakini mlisikia magari. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule, mingi ikiwa ya watoto. Ni waumini walioambiwa na mhubiri wao wafunge kula ili wakutane na Yesu. Mhubiri na wenzake walifikishwa mahakamani, na hukumu si kazi yangu. Ninachotaka mshike ni jambo moja lililosemwa mara nyingi kuhusu mafundisho yale: watu walikatazwa shule, wakakatazwa hospitali, wakaambiwa wajitenge na jamaa wasioamini. Yaani kila mlango ambao mtu angeweza kutokea akaenda kuuliza ulifungwa kwanza. Castanheda na Barros, pamoja na makosa yao, hawakumkataza mtu kusoma daftari lingine. Mwalimu wenu akikosea, mnaweza kwenda kwa mwalimu mwingine, na daktari vivyo hivyo. Anayewaambia msimsikilize mwingine yeyote, hata awe na sauti tamu na Kitabu kitukufu mkononi, nendeni mkamsikilize huyo mwingine siku hiyo hiyo.

Mambo ya simu sitayasemea sana, ninyi mnayajua kunishinda. Ila ujumbe wa sauti unaokuja usiku kwamba daraja la Sabaki limekatika, usio na tarehe wala jina, mimi naupima kwa kumpigia mtu wa bodaboda aliyelivuka alfajiri. Pengine ni sauti ya kweli ya mafuriko ya miaka mingine. Kweli iliyopitwa na wakati inaweza kumlaza mgonjwa nyumbani sawasawa na uongo.

Na mimi mwenyewe? Daftari la yule baharia sikulisoma kwa Kireno cha karne ile, nimelifikia kupitia mikono ya watafsiri. Niwekeni katika foleni pamoja na wengine. Nendeni maktaba, mkakague.

Lakini nimewaacha baharini, na kuna jambo moja la rubani yule sijalisema. Mfalme ndiye aliyemtoa, lakini mfalme alikuwa na mtu wake mateka, angemtoa yeyote. Kilichomthibitisha ni bahari. Alijua kaskazi imekwisha na kusi inaanza kusukuma vyombo kuelekea India, jambo ambalo mvuvi yeyote wa Malindi angewaambia. Baada ya siku 23 bila kuona nchi kavu, mnamo tarehe 18 Mei, milima ya India ikatokea mbele yao, na tarehe 20 wakatia nanga karibu na Calicut.

Wakati wa kurudi, da Gama alikuwa amegombana na wenyeji. Hakungoja upepo. Aliondoka Calicut mwisho wa Agosti, na tarehe 5 Oktoba akaingia bahari kuu, kabla kaskazi haijasimama. Upepo ukawakataa, mara shwari, mara wa mbele. Njia iliyochukua siku 23 ikawala karibu miezi mitatu. Fizi zikawavimba hadi zikafunika meno, miguu ikajaa maji, ni kiseyeye. Watu 30 wakafa baharini, juu ya wengine waliokwisha kufa kabla, na daftari linasema katika kila merikebu walibaki watu saba au wanane tu wenye nguvu ya kufanya kazi. Walipofika Malindi tarehe 7 Januari 1499, kitu cha kwanza walichotuma kutafutiwa pwani kilikuwa machungwa. Ndipo pia walipoomba ruhusa ya kusimamisha jiwe. Siku chache baadaye, kusini ya Mombasa, waliipakua merikebu moja, São Rafael, wakaitia moto, kwa kuwa hapakuwa tena na mikono ya kuiendesha.